Msindikizaji Asipewe Kipaza Sauti

Taasisi ya utafiti ikipata barua kwamba mgeni rasmi anakuja, yanayofuata yanajulikana. Kuta zinapakwa rangi, nyasi zinafyekwa, fulana zinachapishwa, kitabu cha wageni kinanunuliwa kipya, na mkurugenzi anaagiza aandikiwe hotuba fupi. Usalama unapewa dakika 2 za mwisho mlangoni, kwa maneno ya aina ya “jamani tuwe waangalifu, humu ndani kuna kemikali.” Kisha msafara unaingia.

Msimamo wangu, ambao umenipunguzia mialiko kadhaa, ni huu: kuwatembeza wageni kwenye maabara hatarishi ni kazi ya hatari kuliko nyingi zinazofanyika humo siku za kawaida, na anayewasindikiza hapaswi kuwa na shughuli nyingine yoyote. Asieleze utafiti, asijibu maswali ya waandishi wa habari, asimshikie mkurugenzi simu. Yeye atazame watu na awasimamishe inapobidi, akiwemo mgeni rasmi mwenyewe. Taasisi isiyo na mtu wa namna hiyo, au inayo lakini haithubutu kumpa madaraka hayo, iwaweke wageni ukumbini, iwaonyeshe video na iwape chai.

Nianze na namna mtu anavyoijua hatari. Mfanyakazi wa maabara halindwi na elimu yake peke yake. Analindwa zaidi na mazoea ya mahali: anajua mlango upi haufunguliwi kabla ule mwingine haujafungwa, mlio upi ni wa kawaida, feni ipi ikinyamaza watu watoke nje. Hayo hayamo kwenye kibao cha ukutani, na hayawezi kumiminwa kichwani mwa mtu kwa dakika 10. Wakazi wa Goma na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu wanaishi na kitu wanachokiita mazuku. Ni mashimo na vibonde ambamo gesi ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini hujikusanya kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikaua mbuzi, mbwa, na mara nyingine watu. Mama aliyekulia pale anajua kwamba alfajiri tulivu isiyo na upepo ndiyo ya kumzuia mtoto asiteremke bondeni. Mtaalamu wa miamba aliyeshuka kwenye ndege jana, hata awe na shahada 3, asipoambiwa atachuchumaa palepale kufunga kamba za viatu.

Maabara zetu zina mazuku ya kutengenezwa. Naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, imeenea siku hizi: kwenye vituo vya uhimilishaji wa mifugo kama kile cha Usa River, Arusha, au cha Kabete karibu na Nairobi, kwenye hifadhi za sampuli za damu, na vyuoni. Lita 1 ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari la mita 2.5. Hewa yote iliyomo ni lita 30,000. Mwaga lita 10 tu, ujazo wa ndoo ndogo ya maji, umeingiza lita 7,000 za naitrojeni, na oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 16. Huo ni wastani wa chumba kizima. Gesi ikiwa bado baridi hulala chini, kwa hiyo aliyeinama kuokota kifuniko cha kalamu anapata oksijeni kidogo kuliko aliyesimama. Viwango vya kazi vya Marekani huhesabu hewa kuwa pungufu oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5. Na hewa isiyo na oksijeni kabisa humzimisha mtu kwa pumzi moja au mbili.

Linalowashangaza watu nikieleza haya ni kwamba mwili hautoi taarifa. Ile hamu ya kuvuta pumzi tunayoijua wote, kifua kinavyobana ukikaa sana chini ya maji, huletwa na kaboni dayoksaidi inayojaa kwenye damu. Kupungua kwa oksijeni hakuleti hamu hiyo. Ndani ya chumba cha naitrojeni mtu anaendelea kuitoa kaboni dayoksaidi kama kawaida, anajisikia mzima, pengine anachangamka kidogo, kisha miguu inaisha nguvu. Ule moshi mweupe unaotambaa sakafuni, kipenzi cha kila mpiga picha, si naitrojeni. Ni unyevu wa hewa ya chumba uliogandishwa na baridi. Naitrojeni yenyewe haionekani, na yaweza kuwa imeshavuka pale moshi unapoishia. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilihesabu matukio 85 ya naitrojeni kuwakosesha watu hewa kati ya mwaka 1992 na 2002, na vifo 80. Wengi wa waliokufa hawakuwa wageni wa kuja na kuondoka. Kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa kazi, na baadhi yao waliingia mbio kumwokoa mwenzao aliyeanguka.

Pua nayo haiaminiki. Mvuke wa jotoardhi, kama ule unaochimbwa Olkaria, Kenya, huja na gesi ya haidrojeni salfaidi inayonuka mayai viza. Ikiwa kidogo, kila mtu anaisikia na kuziba pua. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, mishipa ya kunusia hulemaa na harufu hupotea. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema “afadhali, sasa hainuki tena” anastahili kuondolewa hapo kwa kukimbizwa.

Ukimya pia hudanganya. Januari 2018, kwenye hospitali moja mjini Mumbai, India, kijana aliyekwenda kumtazama jamaa yake aliingia chumba cha mashine ya MRI akiwa na mtungi wa oksijeni wa mgonjwa. Ndugu zake walisema mhudumu aliwaambia mashine imezimwa. Sumaku ya mashine hizo haizimwi jioni kama taa. Ni nyaya zilizozamishwa kwenye heliamu baridi ambamo umeme huzunguka bila ukinzani, nazo huvuta chuma usiku na mchana, mgonjwa awemo au asiwemo. Mtungi ulivutwa, naye akavutwa pamoja nao, akafa. Alikuwa na macho yaliyoona mashine haifanyi kazi, masikio yaliyosikia kimya, na neno la mwenyeji, na vyote vilimwambia aingie.

Hadi hapo nimemzungumzia mgeni. Sehemu kubwa zaidi ya tatizo iko kwa mwenyeji, na nikifika hapa wakurugenzi huanza kutazama saa.

Tarehe 9 Februari 2001 nyambizi ya nyuklia ya Marekani, USS Greeneville, ilitoka Pearl Harbor ikiwa na raia waalikwa 16. Safari ya siku hiyo ilikuwa kwa ajili yao tu. Chakula cha mchana kilichukua muda, ratiba ikarudi nyuma, na nahodha alitaka waone kile ambacho kila mgeni wa nyambizi hutamani kukiona: chombo kikiibuka kwa dharura kutoka kilindini. Chumba cha uongozi kilijaa watu. Baharia mwenye kazi ya kuchora kwenye chati mahali palipo na meli nyingine aliacha kuchora, kwa kuwa wageni walikuwa wamesimama kati yake na chati. Nahodha alizungusha periskopu kwa muda mfupi kuliko unaotakiwa. Naibu wake aliona mambo yanaharakishwa, akakaa kimya. Wageni wakaruhusiwa kushika vishikio chini ya uangalizi, nyambizi ikapanda, na usukani wake ukaipasua kwa chini Ehime Maru, meli ya shule ya uvuvi kutoka Japani. Kati ya watu 35 waliokuwa kwenye meli hiyo, 9 walikufa, wakiwemo wanafunzi 4 wa sekondari.

Ndani ya nyambizi hakuna mgeni aliyechubuka. Wala hakuna mgeni aliyevunja amri: walisimama walipoambiwa, wakavuta walichoambiwa wavute. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipotoa hitimisho lake, ilitaja miongoni mwa sababu kushindwa kwa nahodha kuwasimamia wageni ili wasizuie kazi. Huwa nawapa wakuu wa maabara tukio hili nikiwaomba wabadilishe majina tu, waweke mtambo wao mahali pa nyambizi. Ziara ilibana muda, ikajaza nafasi, ikafunga midomo ya waliojua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye fomu ya tathmini ya vihatarishi, kwa sababu fomu huuliza kuna kemikali gani na mionzi kiasi gani. Haiulizi mkurugenzi hubadilika vipi akitazamwa na Waziri.

Hilo la midomo kwetu lina uzito wa pekee. Fundi sanifu mwenye miaka 26 na mkataba wa mwaka mmoja hawezi kumwambia Mkuu wa Mkoa “Mheshimiwa, naomba urudi nyuma” mbele ya kamera, huku bosi wake amesimama pembeni akitabasamu. Atatafuta njia ya adabu: atakohoa, atajisogeza katikati, atamnong'oneza ofisa itifaki. Wakati huo Mheshimiwa ameshainamia tangi kuona kilichomo. Heshima yetu kwa mgeni na kwa mkubwa ni kitu kizuri na sitaki kiondoke. Nataka kiwekewe utaratibu kabla ya siku yenyewe, maana mbele ya tangi muda wa kutafuta maneno haupo.

Ukitaka kuona tatizo lote kwa dakika chache, simama kwenye kona ya chumba cha naitrojeni msafara unapoingia. Orodha ilisema watu 12. Wanaingia na madereva wawili waliochoka kukaa kwenye gari, mlinzi, diwani ambaye hakualikwa lakini eneo ni lake, na vijana wa habari. Mlango ambao kwa kawaida hujifunga wenyewe umezuiwa kwa stuli ili walio nje wasikie. Mpiga picha anatembea kinyumenyume; ndiye mtu aliye hatarini kuliko wote na ndiye asiyeangaliwa na yeyote, kwa sababu kila mmoja anaangalia kamera. Mtu mmoja wa nyuma kapokea simu, kaenda kutafuta utulivu nyuma ya mitungi, mkono kaegemeza kwenye bomba lenye utando wa barafu. Mtafiti aliyepewa kazi ya kueleza ndiye huyohuyo aliyepewa kazi ya kulinda. Anafunua mfuniko, na kwa kuwa moshi umewafurahisha watu, anaacha wazi kwa muda mrefu kuliko ambavyo angeacha akiwa peke yake. Kisha anamimina kidogo kwenye kikombe cha chuma ili waandishi waliochelewa nao wapate picha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja anafanya kazi yake vizuri, na kazi ya kutazama watu haijapewa mtu.

Hoja ya kwanza ninayojibiwa ni kwamba wageni walisaini fomu. Karatasi ile, “naingia kwa hiari yangu na taasisi haitawajibika,” inapendwa sana na wanasheria wa taasisi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinagusa watu wasio wafanyakazi: zinataka walindwe dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za mahali hapo. Wajibu huo umeandikwa kwa jina la anayemiliki shughuli. Hata tukiiacha sheria, mtu anakubalije hatari asiyoweza kuiona, kuinusa wala kuisikia? Kwenye mionzi mambo haya yalishakubaliwa kimataifa: kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, cha mwananchi ni 1. Mgeni hakupewa kikomo kidogo kwa sababu ngozi yake ni laini. Alipewa kwa sababu hakuichagua kazi hiyo, hapati mshahara wake, na hapimwi kila mwezi. Fomu iendelee kuwepo, ila iwe na maswali ya maana: una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, una mimba, una pumu, una chuma mwilini? Majibu yake yasomwe na mtu kabla ya mlango kufunguliwa. Nimeona fomu nyingi zikisainiwa. Zinazosomwa ni chache mno.

Hoja ya pili ni vifaa kinga. Wageni wamevikwa makoti meupe, kofia ngumu na barakoa, basi wako salama. Makoti hayo yanapendeza kwenye picha na sina ugomvi nayo. Lakini barakoa haizalishi oksijeni. Kwenye hewa pungufu, aliyevaa na asiyevaa wanaanguka pamoja. Glovu za kazi ya baridi kali lazima zipwaye ili zikiingia kimiminika uzikung'ute zitoke. Mgeni akipewa za mpira zinazobana, tone likipenya linabaki limeshikamana na ngozi. Suruali iwe nje ya buti, maana ikichomekwa ndani buti inakuwa chombo cha kukusanyia matone. Na anayefika na viatu vya wazi, hata akiwa mke wa Balozi, abaki nje ya kioo. Tatizo langu kubwa na mavazi haya ni kwamba humpa mgeni moyo. Akishavaa koti anajihisi mwenyeji, anasogea hatua 2 mbele zaidi.

Hoja ya tatu: tumepokea wageni miaka yote na hajawahi kuumia mtu. Jibu langu ni volkano mbili. Januari 14, 1993, wataalamu wa volkano waliokuwa kwenye mkutano mjini Pasto, Colombia, walishuka kwenye kreta ya Galeras. Mlima ulilipuka wakiwa humo, wakafa watu 9, wanasayansi 6 na watalii 3 waliokuwa wamejiunga nao. Hapo waongozaji walikuwa miongoni mwa watu wanaoijua volkano kuliko wengine wowote. Kwenye kisiwa cha Whakaari, New Zealand, watalii walitembezwa kwa miaka mingi. Kiwango cha tahadhari kilipandishwa Novemba 2019, ziara zikaendelea kama desturi, na Desemba 9 kisiwa kikalipuka kikiwa na watu 47. Waliokufa ni 22, waongozaji wakiwa miongoni mwao. Safari zote zilizopita salama hazikuwa zimepima chochote kuhusu mlima. Zilipima tu kwamba siku zile haukulipuka, na kila iliporudi salama iliwafanya watu wasogee karibu zaidi.

Wapo pia wanaosema: huyu ni profesa, hahitaji kusindikizwa. Mimi mgeni profesa ndiye ninayemwogopa. Mwanafunzi wa sekondari anaogopa kugusa, profesa anagusa. Anaijua maabara ya kwao, ambako bomba la buluu ni la maji, na hajui kwamba hapa la buluu ni la kitu kingine. Anaondoka kwenye kundi kwenda kusoma kibandiko cha mtambo, na hakuna anayemrudisha kwa sababu ni profesa.

Walioizoea kazi hii wanaanza mahali tofauti kabisa na mavazi na fomu. Kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, kina mashine ya kuzungusha miale ya chembe kwenye handaki la kilomita 27, kwa wastani mita 100 chini ya ardhi, na sumaku zake hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Wageni hushushwa kuiona mitambo ya chini pale mashine inaposimamishwa. Miale ikiwa inazunguka hakuna anayeingia handakini, cheo chochote alicho nacho. Anayeingia handakini huchukua ufunguo wake mlangoni, na mashine haiwezi kuwashwa mpaka funguo zote zirudi mahali pake. Aprili 2008 walifungua milango kwa umma, watu wakaiona mashine kabla haijaanza kazi. Septemba 19 mwaka huohuo, siku 9 baada ya miale ya kwanza kuzunguka, kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili kiliungua, karibu tani 6 za heliamu zikamwagika, na sumaku nzito ziling'olewa mahali pake. Hakuna aliyeumia kwa kuwa handaki lilikuwa tupu, na lilikuwa tupu kwa kanuni.

Nikitoa mfano huu naambiwa hao ni Ulaya, wana fedha. Kilichowaokoa hapo ni saa ya ziara, na saa haina bei. Ziara ipangwe siku ambayo tangi limejazwa jana yake na halijazwi leo, mtambo umepoa, chanzo cha mionzi kimerudishwa kwenye kasha lake la risasi, vimelea vimefungiwa. Wageni watasema hawakuona kazi ikiendelea. Waonyeshwe kwa kamera, au kupitia kioo. Mkurugenzi akisisitiza kwamba bila moshi ziara haina ladha, naitrojeni kidogo ya maonyesho iletwe nje, uwanjani, kwenye upepo, imiminwe na fundi aliyevaa ipasavyo, watu wakiwa nyuma ya kamba. Ndani ya lifti isiingie pamoja na mtu yeyote: chombo kipande peke yake, mtu asubiri ghorofa ya juu. Lifti ikikwama katikati, chombo kinachopumua gesi na watu 6 kwenye sanduku la chuma ni jambo ambalo halihitaji hesabu ndefu.

Baada ya hapo ndipo anakuja msindikizaji. Wawe watu 2 tangu mwanzo: mmoja anasema, mwingine, ambaye ndiye msindikizaji, anatazama. Anayesema atembee mbele, anayetazama akae nyuma ambako anaona mgongo wa kila mtu na mikono yake. Wageni wangapi kwa msindikizaji mmoja? Taasisi huniomba namba, nami huwajibu kwa swali: anaweza kuona mikono ya wangapi kwa wakati mmoja katika chumba hiki? Kwenye ukumbi mpana pengine 10. Kwenye chumba chenye kona na mitungi, 4, na waliobaki wasubiri zamu yao. Mpiga picha apewe mtu wake wa kumshika bega. Hesabu ifanyike mlangoni watu wakiingia na wakitoka, kwa kutaja majina, na asiyekuwa kwenye orodha asiingie, hata kama ni dereva wa Mheshimiwa. Dereva apelekewe chai garini.

Kifaa cha kupima oksijeni kiwe ukutani kwa urefu unaofaa gesi iliyopo, na kingine kwenye kifua cha anayetazama. Kiwe kimejaribiwa asubuhi hiyo, betri ikiwemo, mlio wake wageni wausikie kabla ya kuingia ili wakiusikia ndani wasidhani ni simu ya mtu. Wasifundishwe mengi zaidi ya hilo. Heliamu hupanda darini, hivyo anayeikimbia hutoka ameinama. Naitrojeni baridi hulala chini, hivyo anayeikimbia hutoka amesimama wima. Mgeni hawezi kukumbuka ipi ni ipi, na hana haja. Aambiwe mambo 2: ukisikia mlio huu unamfuata huyu msindikizaji mwenye fulana ya njano bila kuuliza, na mtu akianguka humuinamii, unatoka. Hili la mwisho lisemwe mara 2 na kwa sauti kavu, kwa sababu linakwenda kinyume na malezi yetu yote. Mtoto wa watu kaanguka, wewe unampita? Ndiyo, unampita. Wa kumtoa ni mwenye mtungi wa hewa mgongoni, na ikiwa taasisi haina mtungi huo wala mtu aliyefunzwa kuuvaa, basi chumba hicho hakikupaswa kuwa kwenye ratiba ya ziara.

Taasisi zifanye mazoezi, na yasiwe yale ya kukimbilia uwanjani kengele ikilia. Mfanyakazi mmoja ajifanye Waziri, mwingine mpiga picha, wa tatu diwani asiyealikwa, na msindikizaji apimwe kama anaweza kumsimamisha Waziri kwa sauti inayosikika. Mara ya kwanza wengi hucheka, kisha sauti haitoki. Ndiyo maana ya mazoezi. Neno la kusimamisha liwe moja tu, “Simama”, bila samahani mbele yake na bila Mheshimiwa nyuma yake. Samahani ziombwe nje.

Kinachobaki ni nani atamlinda msindikizaji kesho yake. Hakuna fundi atakayetumia madaraka aliyopewa kwa mdomo kwenye kikao cha maandalizi, huku mkataba wake unaisha Juni. Mkurugenzi aandike barua yenye sahihi yake: kwamba ndani ya maabara, siku ya ziara, fulani ana amri juu ya kila mtu, akiwemo mkurugenzi mwenyewe na mgeni rasmi, kwamba akisimamisha ziara hataulizwa sababu hapohapo, na kwamba akisimamisha bure hakuna hatua itakayochukuliwa dhidi yake. Barua iwekwe kwenye faili lake la utumishi, na nakala ipelekwe kwa ofisa itifaki wa mgeni wiki moja kabla, ili Mheshimiwa asomewe akiwa bado ofisini kwake. Ofisa itifaki akirudisha jibu kwamba mkubwa wake hawezi kupangiwa, ratiba ibadilishwe siku hiyohiyo na ziara iishie ukumbini.